Simba wa Tsavo, banda la video na miwani ya karatasi: historia fupi ya video inayokuzingira

Mwaka 2016 jamaa mmoja aliniletea diski ngumu iliyojaa video. Ilikuwa imepigwa katika mtaa mmoja wa huku kwetu Eastlands, kwa kamera sita zilizofungwa pamoja kama mpira, kwa niaba ya shirika fulani la ng'ambo lililotaka wafadhili wake wauone mtaa kana kwamba wamesimama ndani yake. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kushona vipande sita viwe picha moja. Nilikesha siku tatu, kompyuta ikinguruma kama mashine ya kusaga posho.

Katika video ile kulikuwa na mama anayekaanga mandazi kando ya njia. Mshono wa kamera mbili ulipita katikati ya uso wake. Wanaojua kazi hii wanaelewa shida: kitu kikiwa karibu sana, kamera mbili jirani zinakiona kutoka pembe tofauti, na ukijaribu kuziunganisha mtu anapata pua mbili. Nilitengeneza uso wa mama yule fremu kwa fremu, hadi nikamjua kuliko jirani zangu. Wiki chache baadaye nikapita pale, nikanunua mandazi, nikamwambia nimemwona kwenye video. Akafuta mikono kwenye leso, akaniuliza:

"Na sisi tutaiona lini?"

Niliomba nakala. Nikajibiwa kwamba video ni mali ya shirika. Ndugu msomaji, swali la yule mama limenisumbua miaka yote hii, na nilipoanza kulichimba nikagundua kwamba ni la zamani kuliko kompyuta. Leo tulifuate tangu mwanzo.

Kwanza tuelewane

Watu wengi wanachanganya vitu vitatu.

Cha kwanza ni video ya nyuzi 360. Hii ni video ya kawaida iliyopigwa pande zote kwa wakati mmoja, kisha ikatandazwa kuwa mstatili, kama vile ramani ya dunia inavyotandaza tufe kwenye karatasi. Programu ya kuitazama inaukunja mstatili ule tena kuwa mpira na kukuweka wewe katikati. Unaweza kugeuza kichwa, lakini huwezi kupiga hatua hata moja. Umefungwa pale kamera ilipofungwa.

Cha pili ni uhalisia pepe kamili. Hapa kompyuta inachora dunia upya kila unaposogea, kwa hivyo unaweza kutembea, kuchuchumaa na kuchungulia nyuma ya mlango.

Cha tatu ni hologramu, neno ambalo limebebeshwa mizigo isiyo yake. Tutalirudia.

Kamba inayozifunga zote ni ya zamani. Mwaka 1787 Robert Barker alipata hataza ya panorama, yaani picha iliyochorwa kwenye ukuta wa duara huku watazamaji wakisimama katikati. Mwaka 1838 Charles Wheatstone, Mwingereza, alionyesha kwamba ukimpa kila jicho picha yake, zilizotofautiana kidogo tu, ubongo unaziunganisha na kuona kina. Miwani yote ya uhalisia pepe unayoiona leo ni Barker na Wheatstone waliooana. Kompyuta ilikuja baadaye kuwasaidia kulea watoto.

Simba mapajani

Sasa tuje nyumbani. Je, unajua kwamba filamu iliyoanzisha homa ya sinema za 3D huko Marekani ilihusu reli yetu?

Inaitwa Bwana Devil. Ilionyeshwa mara ya kwanza Los Angeles tarehe 26 Novemba 1952, na ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Kimarekani kuwa na rangi na 3D kwa pamoja. Projekta mbili zilifanya kazi sambamba, moja kwa kila jicho, na watu wakavaa miwani ya polaroidi. Hadithi yenyewe ni ya simba wawili wa Tsavo, waliowala wafanyakazi waliokuwa wakijenga daraja la reli mwaka 1898. Tangazo la filamu lilimwahidi mtazamaji kwamba simba atatua mapajani mwake. Studio kubwa za Hollywood zilipoona foleni, nazo zikakimbilia 3D.

Aliyeiongoza, Arch Oboler, aliipiga sehemu kubwa California. Waliokufa Tsavo, Wahindi na Waafrika, walikuwa mandhari tu ya kumwezesha shujaa wa Kizungu kuonyesha ushujaa. Simba wenyewe, kwa njia, walikwisha kuuzwa: ngozi zao zilipelekwa Field Museum mjini Chicago katika miaka ya 1920, na wako huko mpaka leo wakiwa wamejazwa na kusimamishwa kwenye kabati la kioo.

Reli ile ndiyo iliyozaa Nairobi. Ilifika hapa mwaka 1899, mahali ambapo palikuwa na kinamasi na maji baridi, na wafanyakazi wake walihitaji pa kulala. Ukitaka kujua Eastlands ilianza vipi, tazama ramani: Muthurwa na Makongeni ni nyumba za reli. Kariokor imepata jina lake kutoka kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, na wafungwa wa vita wa Kiitaliano walikuwa miongoni mwa waliotumiwa kwenye ujenzi.

Weka tarehe mbili kando kwa kando. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Siku 37 baadaye, watu wa Los Angeles walivaa miwani ili waogope simba wa Kenya. Tarehe 24 Aprili 1954 ikaja Operesheni Anvil. Askari waliizingira Nairobi, wakafagia mitaa ya Waafrika, na maelfu ya watu wa Eastlands wakapakiwa na kupelekwa kwenye kambi za Mackinnon Road na Manyani. Manyani iko kwenye njia ileile ya reli, si mbali na daraja la Tsavo. Mahali ambapo sinema ilikuwa imeweka simba, serikali ya kikoloni iliweka watu nyuma ya seng'enge. Hakuna aliyeleta kamera ya 3D kulipiga hilo.

Nayasema haya si kwa sababu ya kinyongo. Nayasema kwa sababu tangu siku ya kwanza teknolojia hii imekuwa na swali la yule mama ndani yake. Nani yuko ndani ya picha, na nani amevaa miwani?

Sauti ilitangulia

Huku kwetu watu hawakungoja miwani. Walijipatia kuzama kwenye sinema kwa njia nyingine, na njia yenyewe ni sauti.

Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa Waingereza uliokaa Vugiri, milima ya Usambara, Tanganyika, ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Ulitengeneza filamu 35 na kuzizungusha kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini. Filamu zilikuwa za kuhubiri kilimo na afya, na maelezo yaliwekwa kwa lugha za watu, mengine kwenye sahani za santuri, mengine mtu akisema papo hapo kwenye kipaza sauti. Wakubwa walidhani mfasiri ni chombo tu cha kufikishia ujumbe.

Walikosea. Ruka miaka 70 uingie kwenye banda la video la Mathare, Kariobangi au Dandora. Ukuta ni mabati, benchi ni mbao, pazia ni blanketi kuukuu, na televisheni imewekwa juu kama mungu. Filamu ni ya Kichina au ya Marekani, lakini sauti ni ya DJ Afro. Anamwita shujaa kwa jina alilompa mwenyewe, anamtania jambazi, anakuonya kabla ngumi haijatua. Wenzetu wa Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, na Kampala wana VJ Jingo. Kwa macho ya mtaalamu wa programu, huyu mtu ni kiolesura: anachukua data ya mbali isiyokuhusu na kukuingiza ndani yake. Nilipokuwa mdogo niliamini kabisa kwamba yale mapigano yalitokea mahali fulani nyuma ya Huruma.

Na kuna matatu. Aliyepanda namba 58 ya Buruburu au namba 9 ya Eastleigh akikaa karibu na spika anajua maana ya kuzingirwa. Taa, skrini, besi inayotikisa mbavu, picha za wasanii kuanzia bampa hadi dari. Sheria za Michuki za mwaka 2004 zilipunguza makeke kwa muda, kisha yakarudi kwa kishindo.

Kazi ya kujipiga picha wenyewe nayo ilikuwa imeanza. Kati ya 2006 na 2007 ilizaliwa Slum TV huko Mathare. Wasanii kadhaa, akiwemo Sam Hopkins, waliungana na vijana wa mtaa, wakapiga habari fupi za maisha ya pale na kuzionyesha palepale, usiku, hadharani, kwa projekta. Watu walijiona kwenye kitambaa wakacheka, wakabishana. Ghasia za baada ya uchaguzi zilipokuja mwishoni mwa 2007, vijana hao walikuwa tayari na kamera mkononi. Mwaka 2011 likaanza tamasha la filamu la Slum Film Festival, lililofanyika Kibera na Mathare. Zingatia mpangilio wa mambo: waliopigwa picha ndio waliokuwa watazamaji wa kwanza.

Miaka ya karatasi

Mwezi Machi 2014 Facebook ilitangaza kuinunua Oculus kwa dola bilioni 2. Mwezi Juni mwaka huohuo Google ilitoa kitu cha kuchekesha: boksi la karatasi ngumu lenye lenzi mbili, linaloitwa Cardboard. Unatia simu yako ndani na tayari una miwani ya uhalisia pepe. Machi 2015 YouTube ikaanza kupokea video za nyuzi 360. Ghafla teknolojia ya maabara ikawa ya mtu yeyote mwenye simu.

Hapo ndipo misafara ilipoanza. Januari 2015 Umoja wa Mataifa ulizindua Clouds Over Sidra, video ya msichana mkimbizi wa Syria katika kambi ya Zaatari, Jordan, iliyotengenezwa na Chris Milk na Gabo Arora. Iliwagusa wakubwa walioitazama. Novemba 2015 gazeti la New York Times liliwatumia wasomaji wake zaidi ya milioni 1 miwani ya Cardboard ili watazame The Displaced, kuhusu watoto watatu waliokimbia vita. Mmoja wao alikuwa wa miaka 9 kutoka Sudan Kusini. Chris Milk alienda jukwaani akaiita teknolojia hii mashine ya huruma, na kuanzia hapo kila shirika lilitaka yake. Diski niliyoletewa mimi ilikuwa tone moja tu la mafuriko hayo.

Sikatai kwamba huruma ina kazi. Lakini huruma inaweza pia kumpotosha mtu. Oktoba 2017, Mark Zuckerberg alionekana mubashara akiitembelea Puerto Rico iliyopigwa na kimbunga, akiwa katuni ndani ya video ya nyuzi 360, akimgongesha mwenzake mkono huku maji ya mafuriko yakiwa nyuma yao. Watu wakamshambulia na akaomba radhi. Mashine ilifanya kazi vizuri. Yeye alikuwa pale na hakuwa pale.

Jibu la Nairobi lilikuja mwaka huohuo wa 2017, na kwangu ndilo jambo zuri zaidi katika historia hii yote. Electric South, shirika la Cape Town, lilisaidia wasanii wa Afrika kutengeneza kazi zao wenyewe za uhalisia pepe. Kutoka Ghana alikuja Jonathan Dotse, kutoka Senegal Selly Raby Kane. Kutoka Nairobi Ng'endo Mukii alitoa Nairobi Berries, yenye jiji linaloonekana kama ndoto, bila maelezo ya kumfariji mgeni. Na The Nest Collective walitoa Let This Be a Warning.

Kisa chake ni hiki: kikundi cha Waafrika kimeihama dunia na kuanzisha makao kwenye sayari ya mbali. Siku moja anafika mtu ambaye hakualikwa. Mtu huyo ni wewe uliyevaa miwani. Wanakutazama. Wanataka kujua umekuja kufanya nini.

Sisi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kazi hii inauliza: na mgeni aliyekuja kututazama tu je? Kwa mara ya kwanza nilihisi kile ambacho mama wa mandazi alikuwa akikifanya kwenye video yangu. Alikuwa akiitazama kamera moja kwa moja, bila kutabasamu, akingoja ijitambulishe.

Hesabu inayokataa

Sasa nigeukie mambo yangu ya ufundi, kwa sababu swali la "tutaiona lini" lina upande wa hesabu pia.

Chukua video ya nyuzi 360 yenye upana wa pikseli 3840 na kimo cha 1920. Watu wanaiita 4K na kushangilia. Lakini mle ndani ya miwani unaona takriban nyuzi 90 tu kwa upana na 90 kwa kimo. Robo ya upana ni pikseli 960. Nusu ya kimo ni 960. Yaani umelipia kubeba mpira mzima, na unachokiona ni kipande kimoja cha nane, chenye ukungu kama televisheni ya zamani. Jicho zima linaweza kupambanua takriban pikseli 60 kwa kila nyuzi moja. Ili mpira wote ufikie kiwango hicho unahitaji 21,600 kwa 10,800, yaani zaidi ya mara 100 ya pikseli za skrini ya kawaida ya HD.

Data nayo? Video ya 4K inayotiririka kwa megabiti 25 kwa sekunde inakula karibu gigabaiti 1.9 kwa dakika 10. Mpigie hesabu mtu anayenunua bando la siku kwa sarafu zilizobaki baada ya nauli.

Wahandisi wameshughulika sana hapa. Njia iliyoshika ni kukata mpira vigae. Seva inakutumia mpira wote kwa ubora duni, kisha vigae vilivyo mbele ya macho yako kwa ubora wa juu. Ukigeuka, vigae vingine vinaombwa. Ni ujanja mzuri, lakini una adui wake: muda. Ili kichwa kisizunguke na mtu asitapike, picha inatakiwa ifuate shingo ndani ya milisekunde 20 hivi. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kilomita 200 hivi kwa milisekunde moja. Nairobi hadi London ni kama kilomita 6,800 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni milisekunde 68, kabla hata seva haijafikiri. Ndiyo maana ule mpira duni lazima uwe tayari ndani ya simu. Unageuka, unaona ukungu, kisha kigae kinafika.

Vijana wa leo hawajui tulikotoka. Kabla ya kituo cha kubadilishana mtandao cha KIXP kutulia mwaka 2002, barua pepe ya kutoka kampuni moja ya Nairobi kwenda kampuni nyingine ya Nairobi ingeweza kupanda setilaiti, kufika ng'ambo na kurudi. Setilaiti iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, kwa hivyo kuuliza na kujibiwa kulichukua karibu nusu sekunde kwa safari tu. Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilianza kazi 2009, EASSy 2010. Mwaka 2021 Safaricom ikaanza majaribio ya 5G. Kwa hiyo bomba limepanuka kweli.

Lakini kuna kizuizi kidogo ambacho makongamano hayakitaji. Miwani ya karatasi inategemea jairoskopu, kipande kinachohisi simu inavyogeuka. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa mitaani hazina kipande hicho. Unaweka simu kwenye Cardboard, unageuza kichwa, na picha imesimama kama ng'ombe aliyegoma. Teknolojia ya kila mtu haikuwa ya kila mtu.

Kisha wenye mali wakaondoka. Nokia, iliyokuwa imetoa kamera ya OZO kwa bei ya kununulia gari, iliacha kuitengeneza 2017. Google iliachana na Daydream 2019 na kuacha kuuza Cardboard 2021. Samsung ilifunga huduma zake za uhalisia pepe mwaka 2020. Video nyingi za miaka ile ya mashine ya huruma zilikuwa ndani ya programu ambazo sasa hazifunguki. Apple ilipoleta Vision Pro mwaka 2024, bei ilikuwa dola 3,499. Mpira ulipanda tena juu ya ukuta.

Mzuka si hologramu

Niliahidi kurudi kwenye hologramu. Neno hili linauzwa sana kwenye hafla: utaambiwa msanii aliyekufa atatumbuiza kwa hologramu. Tupac alipotokea jukwaani Coachella tarehe 15 Aprili 2012 dunia ilipiga kelele, na Narendra Modi alihutubia mikutano mingi kwa wakati mmoja kwa njia hiyo kwenye uchaguzi wa India wa 2014. Ule ni ujanja wa mwaka 1862, ulioonyeshwa London na John Henry Pepper kwa msingi wa wazo la Henry Dircks. Unainamisha kioo kwa nyuzi 45 kati ya jukwaa na watu, unaficha mtu au picha pembeni, na mwangwi wa mwanga unaonekana kama mzuka jukwaani. Leo kioo kimekuwa karatasi laini ya plastiki, na mtu aliyefichwa amekuwa projekta. Unaweza kuutengeneza nyumbani kwa kipande cha kava la CD na simu. Jaribu na watoto.

Hologramu ya kweli aliibuni Dennis Gabor mwaka 1947, akapewa Nobel 1971. Kamera ya kawaida inahifadhi nguvu ya mwanga tu. Hologramu inahifadhi pia jinsi mawimbi ya mwanga yalivyopishana yalipofika, na ndiyo maana ukisogea unaona ubavu wa kitu. Kutiririsha video ya namna hiyo majumbani bado ni kazi ya maabara.

Kilicho karibu nasi ni cha tatu, na hiki ndicho kinachonifanya niandike leo. Mwaka 2020 watafiti walionyesha njia ya kufundisha kompyuta mahali palivyo kutokana na picha za kawaida tu. Mwaka 2023 watafiti wa Ufaransa na Ujerumani wakatoa njia ya haraka zaidi, inayopajenga mahali kwa mamilioni ya madoa laini ya rangi yaliyoelea hewani. Unazunguka nyumba na simu yako, unapiga video ya dakika chache, na kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro inakutolea nyumba unayoweza kuitembelea, si kusimama katikati tu. Kamera ya mpira haihitajiki. Mshono haupo. Hakuna anayepata pua mbili.

Kabla ya tingatinga

Kwa nini haraka? Kwa sababu Eastlands ya zamani inaondoka. Nyumba za zamani za Pangani zimeshabomolewa na maghorofa yamesimama mahali pake. Ziwani, Bahati, Maringo na Jericho zimetajwa kwenye mipango ya kujenga upya. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, nyumba za kando ya mto Mathare zilibomolewa. Sibishani hapa kama maghorofa ni mazuri au mabaya, wapo wanaoyahitaji. Nasema tu kwamba ukumbi wa Kaloleni, uliobishaniwa siasa nyingi kabla ya uhuru hadi ukafananishwa na bunge, una kuta, madirisha na mwangwi wake. Kitu kama hicho hakiingii kwenye picha moja ya mbele.

Wapo waliotangulia. Chao Tayiana Maina na wenzake wa Museum of British Colonialism, iliyoanza 2018, wamejenga kwa 3D kambi za kizuizi za wakati wa Mau Mau, kwa kwenda kwenye maeneo yenyewe na kuwasikiliza wazee. Kambi ya Aguthi leo ni shule ya wasichana ya Kangubiri, na ile ya Mweru nayo ni shule. Kompyuta imerudisha kilichofutwa, miaka 60 baadaye, kwa jasho. Sisi tuna nafasi ya kupiga kabla ya kufutwa, kwa jasho dogo.

Ila tukumbuke tuliyojifunza. Kamera inayoona pande zote haina nyuma. Kila apitaye ameingia, akitaka asitake. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu Novemba 2019, lakini adabu ni ya zamani kuliko sheria: bisha hodi, eleza, onyesha ulichopiga, acha nakala.

Mimi nilijaribu mwaka 2018. Nilirudi kwa mama wa mandazi na kamera ndogo ya lenzi mbili niliyoazima. Safari hii nilimwomba ruhusa, nikaiweka mbali kidogo ili mshono usimguse, nikapiga dakika sita. Sikutiririsha chochote. Nilitia faili kwenye kadi, kadi kwenye simu yenye jairoskopu, simu kwenye karatasi, nikarudi Jumapili. Foleni ikapanda hadi kwa kinyozi. Kila aliyevaa alipiga kelele, na waliongoja wakamwambia atazame wapi, kila mmoja akiwa DJ Afro wa mwenzake.

Mama alipovaa hakutazama jiko lake. Aligeuka nyuma taratibu, akakaa hivyo muda mrefu. Nyuma ya kamera palikuwa na nyumba ya mabati aliyoanzia maisha alipofika Nairobi. Akasema, "Kumbe mlango ulikuwa umeinama hivyo."

Nyumba ile ilivunjwa mwaka uliofuata, barabara ikapita. Faili ni gigabaiti 2. Nakala moja ninayo mimi, nyingine iko kwenye diski ya rafiki, na ya tatu anayo mwanawe kwenye kadi ya simu. Mara kwa mara hunipigia kuuliza itafunguka kwa programu gani, maana ile ya zamani imekufa. Namtafutia.

Kama una simu na unakaa Ziwani, Maringo, Jericho au Kaloleni, anza na mlango wa kwenu.